Mara ya Tano

Mwezi wa Aprili 1871, masika yakiwa yamekolea, msafara uliotoka Bagamoyo ulifika katika bonde la mto Ngerengere na kuuona mji wa Simbamwene chini ya milima ya Uluguru, mahali ilipo Morogoro ya leo. Mji huo ulijengwa na Kisabengo, mtu wa Uzigua aliyepata sifa kwanza kwa kuteka watu. Alikusanya watumwa waliotoroka, akazitwaa nchi za jirani kwa nguvu za mkono na ufasaha wa ulimi, na alipokufa akamwachia binti yake utawala. Mji ulizungukwa na ukuta wa mawe wenye minara, na milango yake ilikuwa ya mbao zilizochongwa kwa ufundi wa pwani. Nyuma yake ilisimama milima, kijani toka chini hadi mawinguni, na vijito vikishuka kwenye kila bonde.

Kiongozi wa msafara aliipenda nchi hiyo. Katika kitabu chake aliusifu uzuri wa bonde lile, akaueleza ukuta kama mtu aliyeupima kwa macho yake. Alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, mwenye umri wa miaka 30, naye alikuwa akimtafuta Daktari David Livingstone, ambaye Ulaya ilikuwa haijapata habari zake za hakika kwa muda mrefu. Mkononi alikuwa na mjeledi. Alikuwa ameutumia tangu siku za kwanza kutoka pwani, kwa punda na kwa watu, wala hakuficha jambo hilo alipoandika habari za safari yake. Aliliandika waziwazi, kama mtu anavyoandika kwamba mvua ilinyesha.

Mjeledi huo ulikuwa na historia ndefu kuliko safari yenyewe.

Stanley alizaliwa Januari 1841 katika mji wa Denbigh, Wales, na jina lake la kwanza lilikuwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na hakumlea. Babu yake aliyemtunza alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 6, alichukuliwa kwa mkono akiambiwa kwamba anapelekwa kwa ndugu. Alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, lango likafungwa nyuma yake. Alikaa humo miaka tisa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwalimu wa nyumba ile, James Francis, aliyekuwa na mkono mmoja, aliwatawala watoto kwa fimbo, na mwisho akili zake ziliharibika. Baadhi ya waandishi wa maisha ya Stanley wanadhani alitia chumvi katika masimulizi hayo, na huenda ni kweli, kwa maana kutia chumvi kulikuwa udhaifu wake mwingine. Lakini mtoto aliyelelewa chini ya fimbo alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau: kwamba aliye juu hupiga, na aliye chini hupigwa, na hakuna njia ya tatu.

Akiwa kijana alivuka bahari kama mtumishi wa meli hadi New Orleans, akachukua jina jipya na nchi mpya. Alipigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kwanza upande mmoja, kisha, baada ya kutekwa huko Shiloh mwaka 1862, upande wa pili. Akawa mwandishi wa habari. Jina lilibadilika, kazi ikabadilika, nguo zikabadilika.

Chini ya Uluguru homa ilimshika kwa mara ya kwanza katika safari hiyo. Mvua haikukoma, matope yalifika magotini, na wajumbe wa binti Kisabengo walikuja kudai hongo wakati yeye akijua kwamba hongo ilikwisha kulipwa na kundi lake lililotangulia. Akakataa. Ni katika siku hizo, mwili ukiwa umechoka na moyo ukiwa umewaka, ndipo habari ya mpishi ilipotokea.

Mpishi aliitwa Bunder Salaam. Alikuwa mwizi wa chakula cha bwana wake, si mwizi mkubwa, bali mdokozi. Alikamatwa, akasamehewa, akarudia. Alikamatwa tena. Stanley alihesabu, na kwa hesabu yake hii ilikuwa mara ya tano. Aliamuru apigwe viboko kumi na viwili juu ya nguo zake, kisha afukuzwe kambini pamoja na punda na mizigo yake. Baadaye Stanley alieleza kwamba hukumu ya kumfukuza ilikuwa ya kumtisha tu. Mpishi hakujua hivyo. Alipofunguliwa kamba alikimbia kuelekea milimani. Bombay, mkuu wa askari, na mwenzake mmoja walitumwa kumwita arudi, wakaita mpaka wakachoka. Msafara ulipoondoka, punda wake aliachwa amefungwa kwenye mti upande ule alikokimbilia, ili kama akirudi amkute.

Hakurudi. Askari watatu waliotumwa nyuma kumtafuta walishikwa Simbamwene, wakishukiwa kwamba wamemwua mtu waliyesema wanamtafuta, na wakafungwa mpaka Mwarabu mmoja msafiri, Sheikh Thani, alipoingilia kati kwa kumtisha mtawala kwa habari za bunduki za Mzungu. Hayo yote yalitokana na chakula kidogo kilichodokolewa jikoni, na viboko kumi na viwili.

Mtu akiisoma habari hii katika Shule ya Sabato, macho yake huenda kwanza kwa mpishi. Ni haki. Hapa yuko mtu aliyeanguka mara tano katika shimo lilelile, kwa kitu ambacho hakikustahili. Mwizi wa namna hiyo hafanyi shauri la kuiba. Mkono wake unakijua chungu kabla moyo haujaamua, na kila msamaha aliopewa bila yeye kujitazama ulimrudisha tu jikoni palepale penye sufuria lilelile. Waebrania 12:1 husema juu ya dhambi ya aina hii, ile iliyo karibu na mtu kama nguo anayoivaa.

Lakini katika kambi ile kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakirudia. Stanley alikuwa na hesabu ya makosa ya mpishi hadi mara ya tano. Ya mjeledi wake hakuwa na hesabu. Kila jioni aliandika mwendo wa siku, hali ya mito, bei ya nafaka, idadi ya mizigo ya vitambaa, shanga na waya. Wapagazi walihesabiwa ili asitoroke hata mmoja. Kitu kimoja tu katika msafara mzima hakikuwa na mlinzi wala daftari, nacho kilikuwa hasira ya kiongozi.

Ikaendelea kumtangulia njiani. Katika tope la mbuga ya Mkata mjeledi ulifanya kazi kutwa. Mbele kidogo, kabla ya kufika Ugogo, aligombana na John Shaw, mmoja wa Wazungu wawili aliokuwa nao, penye chakula cha asubuhi, akamwangusha chini kwa ngumi. Usiku huo risasi ilipenya hemani mwake. Wazungu wote wawili walikufa kabla ya safari kwisha, kwa maradhi, na hakuna anayeweza kusema kwamba hasira ya Stanley ndiyo iliyowaua. Hata hivyo ni vigumu kusoma kurasa zile bila kuona jinsi watu waliokuwa wagonjwa walivyozidi kuwa peke yao.

Kisha, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya kitabu chake, alifika Ujiji na kumkuta Livingstone.

Dunia inakumbuka salamu walizopeana. Miezi minne iliyofuata inastahili kukumbukwa zaidi. Livingstone hakuwa malaika, na waliosafiri naye miaka ya nyuma kule Zambezi walijua kwamba naye alikuwa na ukaidi wake. Lakini huyu mzee aliyedhoofika, aliyeibiwa bidhaa zake zote, aliishi na watu kwa upole ambao Stanley hakuwahi kuuona kwa mtu mwenye mamlaka. Walipozunguka pamoja katika ziwa Tanganyika, siku moja walizingirwa ufukweni na watu wenye hasira waliodhani kwamba ni wateka watumwa, kwa kuwa walikuwa wamemwagiwa damu na wateka watumwa kabla. Kijana mmoja mlevi alikuwa akiwachochea. Livingstone alikunja mkono wa vazi lake, akawaonyesha ngozi yake, akawauliza kwa sauti ya kawaida kama watu wa rangi hiyo waliwahi kuwadhuru. Akaongea nao mpaka mikuki ikashuka.

Na kulikuwa na mpishi mwingine. Huyu aliitwa Ulimengo, na kosa lake lilikuwa vyombo vichafu. Walikuwa njiani kurudi Unyanyembe mwanzoni mwa 1872. Stanley alimrukia na kumpiga, Ulimengo naye akamkamata bwana wake asikubali kupigwa, na ugomvi ungefika mbali kama Livingstone asingetokea akiwasihi kwa Kiswahili chake wafanye polepole. Aliuliza kuna nini. Akasikiliza. Akamwonya mpishi kwa maneno, na mpishi akaomba radhi. Jambo likaisha kabla chai haijapoa.

Ilikuwa karibu habari ileile ya Bunder Salaam: mpishi, kosa, bwana aliyekasirika. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwapo mtu wa tatu, na hakuna aliyekimbilia milimani.

Stanley aliona tofauti hiyo. Aliandika kwa kirefu juu ya upole wa Livingstone, na miaka ya baadaye ilisimuliwa kwamba alikiri kuwa mzee yule alimgeuza moyo bila hata kujaribu. Hakuna sababu ya kudhani alisema uongo. Walipoagana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872, mtu yule mgumu alitokwa na machozi. Aliporudi kwa njia ileile kuelekea pwani alipita tena chini ya Uluguru. Mvua kubwa zilikuwa zimeleta mafuriko, na ule ukuta alioustaajabia mwaka uliopita ulikuwa umebomolewa na maji. Aliandika na hilo pia. Msomaji wa Biblia atakumbuka ni nani aliyefananishwa na mji uliobomolewa usio na ukuta (Mithali 25:28), ingawa katika kitabu cha Stanley mafuriko ni mafuriko tu.

Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Mwaka 1874 Stanley alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake katika kanisa la Westminster, London, akaazimia kuikamilisha kazi ya rafiki yake. Lilikuwa azimio la kweli. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo aliondoka tena Bagamoyo na msafara mkubwa, akaifikia Nyanza, akaizunguka kwa mashua. Mwezi wa Aprili 1875 alikuwa katika jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda, akimweleza habari za Biblia, na tarehe 14 ya mwezi huo aliandika barua ya kuwaomba Wakristo wa Uingereza wapeleke wamisionari. Barua hiyo ilichapishwa gazetini Novemba. Wamisionari walifika Buganda mwaka 1877, na kanisa lililozaliwa huko lilitoa wafia dini kabla miaka kumi haijatimia. Bwana alilitumia tunda la kalamu ile.

Wiki mbili baada ya barua hiyo, mashua yake ilitia nanga katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kiko katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Watu wake walikuwa na njaa, walitaka kununua chakula. Wenyeji waliikokota mashua nchi kavu, wakawanyang'anya makasia, wakawatisha kwa mikuki. Stanley na watu wake waliisukuma majini kwa shida na kuponyoka, huku akipiga bunduki. Mpaka hapo mtu anaweza kusema aliokoa maisha yao.

Lakini mwezi wa Agosti alirudi. Zaidi ya siku tisini zilikuwa zimepita, na homa haikuwa sababu, wala njaa. Sasa alikuwa na mitumbwi ya Waganda na bunduki nyingi. Alisema kwamba alipaswa kupita hapo na msafara wake wote, na kwamba aliogopa kushambuliwa. Alipanga mitumbwi mbele ya ufuko, mbali kuliko jiwe au mkuki unavyoweza kufika, akaamuru watu waliokusanyika nchi kavu wapigwe risasi. Makumi walikufa. Na kama kawaida yake aliandika hesabu ya wafu, akaipeleka gazetini mwenyewe. Uingereza iliposoma, wengi walikasirika. Stanley alishangaa kwamba wamekasirika.

Mshangao huo ni wa kuogofya kuliko risasi zenyewe. Mtu aliyejua wapi pabaya katika kila mto wa Afrika ya Kati hakuona kwamba amerudi palepale alipokuwa mwaka 1871, ila sasa kiboko kilikuwa kimekuwa bunduki. Yesu alisimulia habari ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa, kisha ikaachwa tupu (Mathayo 12:43-45). Miezi minne ya Ujiji na Unyanyembe iliifagia nyumba. Aliyekuwa akishika mlango alikuwa Livingstone, na Livingstone alikuwa amekufa.

Petro naye aliambiwa akeshe na kuomba, akalala, na saa ileile alipoamka mkono wake ukaenda kwenye upanga (Mathayo 26:40-52). Hakuwa na nia mbaya. Alimpenda Bwana wake kuliko alivyojua kusema. Wapo makanisani walioacha pombe na tumbaku siku walipotoka majini na hawajazirudia mpaka leo, na kwa hilo Mungu asifiwe, lakini ule ukali walioutoa nyumbani kwao utotoni bado wanauingiza nyumbani kwao kila jioni, na watoto wanaijua hatua ya mguu mlangoni. Hiyo haimo katika orodha ya mambo wanayokumbuka kuwa waliyaacha. Pengine ndiyo maana Paulo alielekeza onyo lake kwa yule anayejiona amesimama (1 Wakorintho 10:12).

Maisha yaliyobaki ya Stanley ni marefu na yenye kelele. Mwaka 1877 alitokea Boma karibu na bahari ya magharibi, akiwa amepoteza Wazungu wenzake wote na idadi kubwa ya watu wake. Kuanzia 1879 alimfanyia kazi mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo, akipasua miamba ili kupitisha barabara, na jinsi nchi hiyo ilivyoteswa baada yake inajulikana. Safari yake ya mwisho, ya kumwokoa Emin Pasha, ilimaliza watu kwa mamia katika msitu wa Ituri. Kambini, mwaka 1889, alimnyonga mtoro mmoja mbele ya wenzake. Desemba mwaka huo alifika tena Bagamoyo, nywele zake zikiwa nyeupe kabla hajatimiza miaka 49.

Alioa mwaka 1890. Yeye na mkewe walimlea mtoto mchanga waliyemchukua mwaka 1896, na inaelekea ndani ya nyumba hiyo alikuwa baba mpole. Hilo nalo lazima lisemwe. Alinunua shamba huko Surrey, akavipa vidimbwi na vijito vyake majina ya mito na misitu ya Afrika.

Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Aliomba azikwe Westminster karibu na Livingstone, na mkuu wa kanisa lile alikataa. Alizikwa Pirbright, kijiji kilicho jirani na shamba lake. Mkewe alitafuta jiwe kubwa la matale ambalo halijachongwa, likasimamishwa kaburini. Juu yake liliandikwa jina alilojipa alipokuwa kijana, na chini yake jina alilopewa na watu wa Kongo: Bula Matari, mvunja miamba.